Shangazi, ripoti ya gemu yetu ya bao imerudishwa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 23, nasoma kompyuta mwaka wa tatu hapa Dodoma. Nakuandikia usiku, wenzangu wa chumbani wamelala, na kwenye laptopu nina sura moja ya ripoti ambayo kila nikiianza naifuta.

Mradi wetu wa mwaka wa mwisho ni gemu ya simu ya bao la kiswahili. Tuko watatu. Mimi ni kiongozi, na ndiye niliyeandika programu kwa Unity, zana ya kutengenezea gemu. Rafiki yangu wa tangu mwaka wa kwanza alichora. Wa tatu ni kijana tuliyempa kazi ya sauti na kuijaribu gemu. Wazo lilikuwa langu. Babu yangu yuko Tanga, amecheza bao maisha yake yote, na nilitaka siku moja tucheze yeye akiwa kule mimi nikiwa huku.

Kwenye pendekezo la mwezi wa kumi na moja tuliahidi mengi: kucheza kwa mtandao, kucheza na simu yenyewe, ubao wa 3D unaozunguka, na mafunzo kwa wasiolijua bao. Miezi miwili ya kwanza yote niliimalizia kwenye huo ubao wa 3D, na mwishowe tukauacha. Mwezi wa sita siku ya kuwasilisha, tulichokuwa nacho ni watu wawili kupokezana simu moja. Namua, sehemu ya kwanza ya mchezo, inachezeka. Mtaji, sehemu ya pili, nao unachezeka, ila kuna wakati kete zinasambaa, zinazunguka, zinazunguka, mpaka simu inaganda. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha niliweka kwamba zikizunguka mara 100 zisimame zenyewe. Sikumwambia mtu.

Likizo ya mwezi wa nne niliipeleka kwa babu na wazee wenzake barazani. Simu ya babu ni Android ya bei ndogo, RAM 1 GB. Gemu ilifunguka nusu ikajifunga. Tukajaribu tena, ikajifunga. Ilikuwa imefika MB 180, kwa sababu mwenzangu alichora kila picha nukta (pikseli) 4096 kwa 4096 ili nakshi za mbao zionekane. Nikawapa simu yangu. Babu anabonyeza shimo, linashikwa la jirani. Halafu kete yake ya mwisho ikaangukia katika nyumba, lile shimo lake kuu, na zamu ikahamia kwa mwenzake papo hapo. Akainua uso akaniuliza, "Mbona nyumba yangu hainiulizi?" Wazee wakacheka. Mimi hata sikuelewa anauliza nini, nikasema nitarekebisha.

Niliporudi Dodoma nilifuta michoro yote usiku mmoja, nikaweka maduara ya kahawia. Gemu ikashuka mpaka MB 40. Mwenzangu aliona asubuhi alipoifungua. Tangu siku hiyo ni salamu tu.

Yule wa tatu ndiye anayenikera zaidi. Mradi mzima ametoa sauti mbili: kete ikianguka na mtu akishinda. Januari alikuwa anauliza tu kwenye grupu "nifanye nini", mimi namwambia asubiri kwanza nimalize namua. Mwezi wa tatu akaacha hata kuuliza.

Sasa sura ya mwisho ni tathmini ya mradi. Niliandika kurasa sita: kwamba gemu imefanikiwa kwa kiasi kikubwa, changamoto zilikuwa muda, bando na umeme kukatika, na tumejifunza umuhimu wa ushirikiano. Msimamizi ameirudisha, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Huu si mradi niliouona. Andika upya." Nimebakiwa na wiki tatu.

Nikiandika ukweli najianika mwenyewe, na wenzangu nao nawaanika. Yule kijana ikisomeka hakufanya kitu anaweza kufeli, na kusema kweli kuna siku natamani isomeke hivyo. Tena baba yangu alinipa dola 25 za kufungulia akaunti ya Play Store, na ameshawaambia wenzake kazini gemu ya binti yake iko njiani. Sijui nimwambie nini.

Naomba unisaidie.

Binti wa Bao, Dodoma

*

Marahaba mwanangu,

Kabla sijastaafu nilisimamia miradi ya wanafunzi wa kompyuta kwa miaka mingi, na ile sentensi ya muda, bando na umeme nimeisoma kwenye ripoti nyingi sana. Nakuamini kwamba umeme ulikatika. Lakini umeme haukuwachagulia ubao wa 3D, wala haukukwambia umwache yule kijana akisubiri tangu Januari. Hayo mliyaamua watu, na msimamizi wako anataka kuona mliamuaje. Barua uliyonitumia mimi ina mambo ambayo kurasa zako sita hazina: ina siku, ina simu ya babu, ina mtu anayeuliza swali. Basi tuanzie kwa babu.

Kwa msomaji asiyelijua bao: lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana safu zake mbili. Katika safu ya mbele kuna shimo moja la mraba linaloitwa nyumba, na mchezo unaanza likiwa na kete 6, mashimo mawili ya kuliani kwake yana kete mbili mbili, na kete 22 ziko mkononi. Hizo za mkononi zinaingizwa moja moja, na kipindi hicho ndicho namua. Zikiisha, mtaji unaanza. Katika namua, ukiwa umekula na kete yako ya mwisho ikaangukia katika nyumba yako ambayo bado iko hai (haijavunjwa), na mbele yake hakuna cha kula, una hiari. Unaweza kulala, zamu ikaenda kwa mwenzako, nyumba ikabaki na mali yake. Au unaweza kusafiri, ukazichota kete zote za nyumba ukaendelea kuzisambaza. Mchezaji mzuri hujulikana kwa namna anavyoitunza nyumba yake na saa anayochagua kuivunja.

Gemu yenu ilimlaza babu kwa nguvu. Programu ilimnyang'anya uamuzi mkubwa kuliko yote alionao mchezaji wa namua, ndiyo maana alisema "hainiulizi". Wazee hawakukucheka wewe, nadhani walicheka kwa sababu walijua mara moja kwamba aliyeitengeneza gemu hiyo hajawahi kukaa mkekani akabanwa.

Hapo ndipo tathmini yako inapoanza. Ulianza mwezi wa kumi na moja, na mchezaji wa kwanza wa kweli akaishika gemu mwezi wa nne. Miezi mitano. Ungechimba mashimo 32 mchangani wiki ya kwanza, ukakaa na mzee mmoja jioni mbili tu, kila anapositasita ukamuuliza anawaza nini, ungelijua swali la nyumba kabla hujaandika mstari mmoja wa Unity. Kwa hiyo usiandike "tulikosa muda". Andika kwamba miezi miwili mliitumia kuufanya ubao uzunguke wakati sheria za mchezo hamkuwa nazo zote, na useme mliona nini kizuri katika huo ubao siku mnaouchagua. Msikwepe sehemu hiyo ya pili. Mlitaka darasa lishangae. Hakuna ubaya kulisema, na anayekusahihisha anahitaji kujua mlikuwa mnafikiri nini siku hiyo, si mnavyojua leo.

Kuhusu vidole vya babu, naona hukuligusa tena baada ya Tanga. Chukua rula uipime simu yako ikiwa wima. Upana wa skrini utakuwa kama sentimita 6 na nusu. Gawa kwa mashimo manane: kila shimo halifiki hata milimita 8 na nusu, na bado hujaacha nafasi za pembeni. Mwongozo wa Android unataka sehemu ya kubonyeza iwe kama milimita 9 kwenda juu. Kidole cha babu hakina kosa lolote. Ilaze simu, safu zikae kwenye urefu wake, kila shimo litapata nafasi karibu mara mbili. Aya hiyo ukiiweka na vipimo vyako mwenyewe vya rula itamshika msimamizi kuliko kurasa mbili za kueleza umuhimu wa mtumiaji.

Michoro nayo. Hapa mwanangu nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ulikosea mara mbili usiku mmoja, na kosa la kwanza hujaliona mpaka leo.

Umeandika kama vile MB 180 ndizo zilizoifunga gemu kwenye simu ya babu. MB 180 ni mzigo wa bando wakati wa kupakua, na ni jambo la kujali, lakini iliyojaa ni kumbukumbu ya simu, yaani RAM. Picha ya nukta 4096 kwa 4096 ikifunguliwa ndani ya simu bila kubanwa inakula MB 64, maana kila nukta inachukua baiti 4. Picha moja tu! Simu yenye RAM 1 GB inayogawana hiyo RAM na Android yenyewe na WhatsApp haiwezi kubeba picha nyingi za namna hiyo, kwa hiyo mfumo unaiua gemu. Punguza upande uwe nukta 1024, picha ileile inakuwa MB 4. Kwenye skrini ya simu ya babu nakshi zingeonekana vilevile, kwa sababu skrini ndogo kama hiyo haina nukta za kutosha kuonyesha tofauti. Unity inakuwezesha kuweka kikomo cha ukubwa wa kila picha, na kuibana, bila kuigusa picha ya asili aliyochora mtu.

Maana yake hukuwa na haja ya kufuta kitu.

Kosa la pili unalijua. Miezi ya kazi ya rafiki yako uliitoa usiku, naye akajua kwa kufungua gemu akakuta maduara. Nenda kwake kabla hujaandika neno. Usiende na ripoti, usiende na laptopu. Mwambie uliogopa baada ya Tanga, ulifuta bila kumwuliza, na ulikosea. Halafu nyamaza umsikilize, hata akisema maneno machungu. Siku nyingine, si hiyohiyo, mweleze hesabu ya MB 64 na MB 4, mrudishe michoro pamoja. Kama kazi yenu mliihifadhi kwa Git, zana inayotunza kila toleo la kazi, michoro bado ipo pale. Kama hukutumia Git, yeye anayo ya asili kwenye laptopu yake. Na kwenye ripoti liandikwe hili: siku ya kwanza hatukukubaliana picha ziwe na ukubwa gani, wala hatukuchagua simu ya chini kabisa ambayo lazima gemu ifunguke. Mchoraji hakuwa mzembe. Hakuna aliyempa kipimo.

Sasa yule kijana. Nimerudia mara kadhaa mstari wako wa Januari. Unasema alikuwa anauliza *tu*. Mwanangu, mtu anayeuliza "nifanye nini" anaomba kazi. Ulimwambia asubiri umalize namua, na namua ikachukua majuma. Sikatai kwamba angeweza kujitafutia la kufanya. Angeweza kwenda kurekodi kete halisi zikianguka kwenye mbao, angeweza kutafuta wachezaji hapohapo Dodoma. Hakufanya, na hilo ni lake. Lakini kazi mliyompa, sauti na majaribio, yote mawili yalisubiri gemu iwepo, na gemu ilikuwa mikononi mwako peke yako. Mlijipanga hivyo toka mwanzo. Naamini hasira yako ni ya kweli, na uchovu wa kubeba peke yako ni wa kweli pia. Ila ripoti si mahali pa kumshtakia. Mkutane watatu, mwandike kwa pamoja nani alifanya kipi, kila mmoja aweke sahihi. Sauti mbili ziandikwe sauti mbili, bila kivumishi. Sentensi ya "asubiri" uiandike wewe, kwa jina lako kama kiongozi. Kama bado unaona haki haijatendeka kwenye alama, nenda kwa msimamizi umwambie kwa mdomo, na yule kijana awe anajua unakwenda.

Bado kuna zile mara 100. Usizifiche, kwa sababu ni jambo la kuvutia kuliko unavyofikiri. Wewe umeliona kama kosa la programu na ukaona aibu. Watafiti wa michezo wameonyesha kwamba kwenye bao inawezekana hatua isiyokwisha, kete zikazunguka bila kupata pa kulala. Mkekani watu wana namna zao za kumaliza jambo kama hilo, wanatazamana wanakubaliana. Simu haina wa kutazamana naye. Inatii kitanzi, yaani amri inayojirudia, mpaka inaganda. Kwa hiyo huenda programu yako ilikuwa sahihi na mchezo wenyewe ndio ulikufikisha hapo. Huenda pia una kosa lako la kawaida la kuhesabu shimo. Njia ya kujua ni moja: hifadhi jinsi kete zilivyokaa kila inapotokea, uzipange kwenye bao la kweli, usambaze kwa mkono na mzee akiwa pembeni. Ukikuta hata mkono hausimami, una aya nzuri kuliko zote kwenye ripoti. Ukikuta mkono unasimama, una kosa lako na mahali lilipo. Kwa vyovyote ile 100 uitaje, useme uliiweka usiku gani, na kwamba uliibuni bila kumwuliza mchezaji yeyote.

Namna ya kuiandika sura yenyewe. Fungua rekodi zako za Git na lile grupu la WhatsApp, uvisome kwa tarehe, mwezi wa kumi na moja mpaka wa sita. Kichwa chako kimeshapanga hadithi yake ambayo wewe ndiye uliyeteseka, tarehe zitakurekebisha. Wenzako nao waandike kila mtu siku tatu anazozikumbuka, bila kuonyeshana, kisha mzilinganishe. Mtashangaa siku ambayo kwako ilikuwa ya kawaida kwa mwenzako ndiyo siku aliyokata tamaa. Chagueni maamuzi manne au matano, basi, na kila moja mlieleze kwa utulivu: tuliamua nini, tulikuwa tunajua nini wakati ule, kikatokea nini, na leo tungeanzia wapi. Yale ya pendekezo ambayo hayakuguswa kabisa, kucheza kwa mtandao na kucheza na simu yenyewe, yapewe mistari miwili tu. Hayakujengwa, hakuna cha kuyapamba.

Unaogopa kujianika. Nilipokuwa nasahihisha, ripoti iliyonitia wasiwasi ni ile isiyo na siku hata moja ambayo mtu alikosea. Nilikuwa najiuliza kama aliyeiandika aliwahi kuigusa kazi. Na gemu yenu ina vitu, mwanangu, usijinyime. Watu wawili wanapokezana simu na namua inachezeka mpaka mwisho. Sheria za namua si mchezo kuziandika kwa programu: vichwa (mashimo ya mwisho ya safu ya mbele), kimbi (shimo la mwisho na lililo jirani yake), kutakata (kusambaza bila kula), nyumba hai na nyumba iliyovunjwa. Ulizifikisha karibu zote. Liseme hilo nalo, kwa sentensi ileile tulivu uliyosemea makosa.

Baba mpigie simu wiki hii, usingoje ripoti. Ile dola 25 haijapotea: inalipwa mara moja tu, si ya kila mwaka. Mwambie pia jambo ambalo huenda hukulijua ulipofungua akaunti, kwamba Google inawataka wenye akaunti mpya za mtu binafsi wapate wajaribuji wasiopungua 12, wakae kwenye majaribio siku 14 mfululizo, ndipo waombe ruhusa ya kuitoa gemu kwa watu wote. Kwa hiyo hata mngeimaliza mwezi wa sita, isingekuwa Play Store kesho yake. Wenzake wa kazini waliokwisha kuambiwa, wangapi wana Android na akaunti ya Gmail? Baba anaweza kukupatia nusu ya hao 12, na yule kijana wa majaribio akawa na kazi ya kuwafuatilia siku zote 14, kazi yake ileile ambayo hakuwahi kuipata.

Na kabla hujarudisha ripoti kwa msimamizi, weka kitufe cha nyumba. Maneno mawili kwenye skrini, "Lala" na "Safiri", makubwa, simu ikiwa imelazwa. Ni kazi ya jioni moja kwa mtu aliyeandika namua nzima. Mtumie babu Tanga, michoro ya rafiki yako ikiwa imerudi, kwenye simu yake ileile ya RAM 1 GB. Akishacheza mpigie, muulize swali moja tu, kama nyumba imemwuliza. Atakachokujibu kiandike kwenye ukurasa wa mwisho kama alivyokisema, na tarehe.

Shangazi